Mkwe Hali Mbele ya Mkwe

Ntabaza hakutia kitu kinywani tangu Ijumaa saa kumi za jioni, na alifanya hivyo kwa makusudi kabisa. Kwa mwaka mmoja na nusu Clarisse alikuwa akimsimulia sombe ya mama yake: namna majani ya muhogo yanavyotwangwa alfajiri, yanavyotokota kwenye chungu cha udongo hadi mchana, mawese yakielea juu na sambaza, wale dagaa wa ziwa Kivu, wakizama chini. Kila Clarisse alipofika kwenye sambaza, Ntabaza alisahau alichompigia simu. Basi ilipopangwa Jumamosi ya kwenda kujitambulisha kwa wakwe, alilitayarisha tumbo lake kama mkulima anayefagia ghala kabla ya mavuno. Asubuhi alikunywa maji, akakaza mkanda tundu moja zaidi, akavuka daraja la Rusizi kwa miguu kutoka Bukavu kuingia Rwanda, akijisikia mwepesi.

Kulikuwa na sababu nyingine, ambayo hakumwambia mtu. Mama yake mwenyewe alifariki miaka sita iliyopita, na tangu hapo kila sombe aliyoonja Bukavu ilikuwa majani tu. Mama yake alikuwa akikwangua ile iliyoshika chini ya chungu, nyeusi kidogo, yenye moshi, na kumwekea mkononi bila sahani. Wageni hawakupewa ile. Ilikuwa ya mtoto wa nyumbani.

Walisafiri watatu. Parfait alikuwa rafiki yake wa tangu darasa la kwanza, naye ndiye angekuwa msemaji, kwa kuwa alikuwa na tai na aliwahi kuishi Kamembe miaka miwili. Miaka hiyo miwili ilimtosha kuwa profesa wa desturi zote za Rwanda. Wa tatu alikuwa Divine, anayeuza vitenge meza ya pili kutoka kwa Ntabaza sokoni. Huyu alichukuliwa kwa sababu msafara wa uchumba usio na mwanamke huonekana kama kundi la askari kanzu.

Jambo lenyewe lilikuwa rahisi kueleza. Mzee Karangwa, baba yake Clarisse, alishasema kwamba yeye hana neno. Neno lote liko kwa mkewe, Mama Mukabalisa. Mama akimkubali kijana siku hiyo, tarehe ya posa itapangwa. Akimkataa, basi. Vijana wawili walishatangulia na wote wawili walirudishwa, na Clarisse hakuwahi kusema vizuri kwa nini. Ntabaza alimpenda Clarisse kiasi kwamba wateja walishaanza kumpunja vipimo vya kitambaa yeye muuzaji, naye asione.

Kamembe walisubiri basi dogo la kuelekea Bugarama. Mishikaki ya mbuzi ilikuwa inaungua taratibu kando ya barabara. Divine alinunua sambaza wa kukaanga kwenye karatasi, akawala na vichwa vyao, akimwangalia Ntabaza usoni kila alipovunja mmoja. Ntabaza alitazama juu, akahesabu mawingu. Alijiambia kwamba avumiliaye hula mbivu, na mbivu yake iko Gikundamvura, kwa wakwe.

Walipokuwa wanapita Nyakarenzo, Parfait alilegeza tai, akakohoa kikohozi cha mwalimu.

"Sasa sikia," alisema. "Kule hautakula."

Ntabaza alicheka. Parfait hakucheka.

"Huku mukwe hakulake mbele ya maman-bukwe yake. Akikuona unatafuna, imeisha. Njo maana bale babili balirudishwa."

Ntabaza aliuliza kwa sauti ndogo kwa nini hakuambiwa jana, wakati bado kulikuwa na maharagwe nyumbani. Parfait alijibu kwamba jana hakuulizwa. Alieleza kuwa jambo hilo aliambiwa na mzee mmoja wa heshima sana, kwenye baa moja ya heshima sana. Chakula kitaletwa, watamsihi, naye atakataa kwa upole mpaka mwisho. Fungu la bwana harusi huliwa na msemaji wake. Ni mzigo mzito, alisema Parfait, lakini urafiki ni kubebana.

Divine alikuwa anafuta mafuta vidoleni. "Kwetu," alisema, "muntu akikataa chakula ya wenyewe, ni kusema beko na sumu."

Parfait alimwambia kwamba hiyo ni ya Bukavu, na hapa si Bukavu. Ntabaza akakumbuka kitu, akasema kwamba hata wazazi wa Clarisse walikulia Bukavu, wakarudi wakiwa watu wazima, na kwamba Mama Mukabalisa aliimba kwaya huko Kadutu. Kwa Parfait huo ndio ulikuwa ushahidi wenyewe. Aliyerudi ndiye mkali kuliko aliyebaki, alisema, kama vile aliyebatizwa jana anavyowashinda mapadri kwa kupiga magoti. Ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho. Kisha akaichukua simu ya Ntabaza, akaizima, akaitia mfukoni mwake, kwa sababu simu ya mkwe haipaswi kulia mbele ya wakwe.

Washauri walikuwa wawili na muda ulikuwa mfupi. Mmoja alikuwa na tai, mwingine alikuwa na magamba ya samaki kidevuni. Ntabaza akamfuata mwenye tai, kosa ambalo wanadamu wamelirudia tangu tai zianze kushonwa.

Gikundamvura kulikuwa na joto la bondeni na mashamba ya mpunga ya kijani hadi mwisho wa macho. Nyumba ya Mzee Karangwa ilikuwa ya matofali, na nyuma yake kijumba cha jiko kilikuwa kinafuka moshi. Harufu iliwapokea kabla ya wenyeji. Ntabaza alisimama langoni akafumba macho, na Divine akamshika kiwiko, maana alidhani anaanguka.

Mama Mukabalisa alitoka akipangusa mikono. Alikuwa mfupi, mabega mapana, mikono ya mtu aliyetwanga tangu utotoni, na kitenge chake kilikuwa kipya hadi kikawa kinalia anapotembea. Aliwasalimia kwa Kiswahili cha Bukavu kilekile cha Ntabaza, akauliza habari za njia, za mvua, za kanisa. Clarisse alisimama nyuma yake, macho chini kama inavyotakiwa, lakini tabasamu lilikuwa linamtoroka kando ya mdomo.

Wakaketi sebuleni. Beseni la maji likapitishwa. Ntabaza akanawa hadi kwenye viwiko, kwa mazoea tu, halafu akaiweka mikono yake safi juu ya magoti, haina kazi.

Kisha Clarisse akaanza kuleta vyakula. Bugali wa muhogo ulikuja ukiwa mviringo, mweupe, unatoa mvuke. Ukaja wali wa mpunga wa pale pale. Ndizi zikaja. Mwisho likaja bakuli kubwa la sombe, ya kijani kilichokolea hadi kukaribia weusi, na duara la mawese mekundu juu yake, na mikia ya sambaza ikichungulia. Mzee Karangwa alisali. Ntabaza alisema amina kabla ya sala kwisha.

"Karibuni," alisema Mama. "Mukwe njo anaanzaka."

Ntabaza aliinamisha kichwa. Alisema anashukuru sana, ameshiba.

Mama alitabasamu, akamsihi mara ya pili. Ntabaza akashukuru mara ya pili. Parfait akavuta sahani mbili, ya kwake na ya bwana harusi, akazijaza zote kwa uso wa mtu anayekwenda vitani kwa ajili ya wengine. Divine akajipakulia bila kumwangalia mtu.

Ntabaza aliona pia kwamba Mama mwenyewe hakuchukua sahani. Alikaa kwenye kiti cha mbele yake, mikono mapajani, hali kitu. Parfait alimkonyeza: unaona? Ntabaza akaona. Akajikaza kisabuni.

Sasa, msomaji, ni heri ujue ambacho Ntabaza hakukijua. Wale vijana wawili hawakurudishwa kwa kutafuna. Wa kwanza alikula akisoma simu. Wa pili aliomba uma. Mama Mukabalisa alikuwa na mizani moja tu ya kumpimia mtu, nayo ilikuwa inatoka kwenye chungu chake. Na tangu arudi Rwanda, miaka yote hiyo, katika harusi na misiba na ubatizo, hakuna aliyewahi kukaa mbele ya sombe yake akaikataa.

Clarisse alimwangalia Ntabaza, akaielekeza midomo yake kwenye bakuli. Ntabaza akadhani anambusu kwa siri, akaona haya. Clarisse akakunja uso, akaielekeza tena. Ntabaza akamrudishia tabasamu la shujaa. Clarisse akachomoa simu yake upesi, akaandika kitu. Ujumbe ukaenda kulala kwenye simu iliyozimwa, mfukoni mwa Parfait, ambaye wakati huo alikuwa anaomba pilipili.

Mzee Karangwa ndiye aliyeelewa kwanza, au alidhani ameelewa. Alikuwa mzee mwembamba, mpole, ambaye daktari alimkataza mawese na chumvi kwa ajili ya presha, na mkewe alikuwa akimpakulia kwa kijiko kama dawa. Aliegemea mbele.

"Miye naonja," alisema. "Mbele ya bantu bote. Kwetu mwenyeji njo anaonjaka."

Akamega tonge la haki, akalizamisha, akala. Wote wakamwangalia. Hakuanguka. Akamgeukia Ntabaza na kumwonyesha kwa mkono kwamba njia ni salama. Ntabaza akaweka mkono kifuani, akashukuru, akakataa.

Mzee akasema labda upande huu wa bakuli haukuaminika vizuri. Akaonja upande wa pili. Akaonja katikati. Alionja juu penye mawese, halafu chini penye sambaza, kwa sababu sumu, alieleza huku anatafuna, inaweza kutua. Mama Mukabalisa alimtazama kwa macho makali, lakini angemzuiaje? Kila tonge lililoingia kwa mumewe lilikuwa linalitetea jina lake. Mzee alilijua hilo. Miaka minne ya kijiko ilikuwa inalipizwa kisasi mchana kweupe, na uso wake uling'aa kama wa mtu aliyepokea ekaristi.

Wakati huo tumbo la Ntabaza likaamua kusema. Lilianza kwa mbali, likapanda, likakaa juu, likashuka kwa ngazi. Mzee Karangwa akauliza kama kuna pikipiki inafika. Divine akasema ndiyo, ni pikipiki, inapita tu. Likasema tena. Divine akasema ni ileile, imesahau kitu.

"Labda sombe yetu ya kijiji haikupendezi," alisema Mama polepole.

"Apana, Maman. Inanukia muzuri sana."

"Lakini haukule."

"Sikule, Maman. Merci."

Mama Mukabalisa aliinuka. Kitenge chake kipya kililia. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililotisha.

"Kama muntu anaogopa mukono yangu," alisema, "nitamupa namna gani mutoto yangu?"

Akatoka kwa mlango wa nyuma. Sebuleni hata Parfait aliacha kutafuna. Clarisse alikuwa ameshika beseni la maji na machozi yalikuwa yamemjaa, na hapo Ntabaza, aliyekuwa amejaa heshima kuanzia nywele hadi soksi, akaelewa kwamba heshima yake imeharibu kitu. Hakuelewa ni kitu gani. Moyo ulimshuka hadi kwenye lile tumbo tupu, na huko hapakuwa na cha kuupokea. Alimwangalia Parfait. Parfait akamnong'oneza kwamba hiyo nayo ni desturi: mama mkwe lazima akasirike kidogo.

Ntabaza akaomba kuonyeshwa choo.

Choo kilikuwa mwisho wa uwanja, nyuma ya migomba. Hakukifikia. Njia ilipita mlangoni mwa jiko, mlango ulikuwa wazi, na ndani hapakuwa na sauti. Chungu kilikuwa juu ya mafiga, makaa yamekufa nusu, na pembeni yake kipande cha bugali kimefunikwa kwa kitambaa. Alisimama kwenye kizingiti akijadiliana na nafsi yake. Nafsi yake ilisema uchumba umekwishaharibika, mama yuko mbali analia, na mla ni mla leo, mla jana kala nini. Ilikuwa hoja nzuri. Akaingia.

Alimega tonge, akalibonyeza kwa kidole gumba, akalitumbukiza chunguni, akalitia lote kinywani.

Haikuwa majani tu. Ilikuwa na moshi, na uchungu kidogo wa ntore, zile nyanya chungu, na sambaza waliolainika hadi miiba yao ikawa chumvi, na mawese yaliyomkumbusha jikoni kwao, mlango wa bati, mvua, mama yake akimwambia ngoja ipoe. Ntabaza alisimama na shavu limejaa, akilia. Akamega la pili ili asilie sana.

Mtu akakohoa kwenye kona.

Macho yake yalikuwa yametoka juani, kwa hiyo yalichelewa. Kwanza aliona kitenge. Kisha sahani magotini. Kisha Mama Mukabalisa mwenyewe, amekaa kwenye kigoda nyuma ya gunia la makaa, shavu moja limevimba kwa bugali, tonge jingine limesimama nusu ya safari.

Hakuna aliyeweza kusema, kwa sababu vinywa vyote viwili vilikuwa vimejaa. Wakatafuna. Wakatazamana na kutafuna, kwa haraka ya watu wenye maneno, lakini bugali wa muhogo hauna haraka. Ntabaza alimeza wa kwanza.

"Pardon, Maman."

Mama akameza. "Kumbe unakulaka."

"Ninakulaka, Maman."

"Basi mule mu salon uliogopa nini? Sumu?"

"Apana, Maman. Ni heshima. Baliniambia mukwe hakulake mbele ya maman-bukwe yake. Tangu jana sikukula. Nilikuwa nalindia sombe yako."

Mama Mukabalisa aliweka sahani chini. Mabega yake mapana yakaanza kutikisika, na Ntabaza akajua kwamba sasa amemliza mbele ya macho yake mwenyewe. Kisha akasikia sauti. Mama alikuwa anacheka, mkono wenye mawese umeinuliwa juu usiguse kitenge.

Alimweleza yaliyompata. Jirani yake, bibi mmoja aitwaye Laurence, alikuja alfajiri akamkuta anatwanga, akamwambia: ninyi mliokulia Congo hamjui kitu, mama mkwe haonyeshi meno yake kwa mkwe, usithubutu kutafuna mbele ya kijana. Naye, kwa kuwa alichoka kuambiwa kila mwaka kwamba hajui kitu, akatii. Alipika tangu saa kumi za usiku, akaonja chumvi tu. Alikuja huku jikoni kulia, lakini chungu kilikuwa wazi.

Wote wawili walikitazama chungu. Njaa ilikuwa palepale.

"Ile desturi iko ya kweli?" aliuliza Ntabaza.

"Sijui," alisema Mama. "Tusiivunje. Geuka."

Akamsogezea kigoda cha pili. Wakakaa migongo ikigusana, yeye akitazama mlango, Mama akitazama ukuta. Hapo likazuka tatizo la chungu, maana mkono wa kulia wa mmoja uko upande wa kushoto wa mwenzake, na kula kwa mkono wa kushoto kungekuwa aibu kubwa kuliko hiyo waliyokuwa wanaikimbia. Wakakubaliana kukizungusha. Ntabaza anamega mara mbili, anakisukuma nyuma. Mama anamega mara mbili, anakirudisha. Baada ya muda mfupi wakapata mwendo, na hakuna aliyehitaji kusema zamu ya nani.

Sebuleni watu walisubiri hadi wakaogopa. Aliyekwenda chooni hakurudi, aliyekwenda kulia hakurudi. Wakatoka wote kuwatafuta: Clarisse mbele, Divine nyuma yake, Parfait na leso yake, na Mzee Karangwa, ambaye alibeba sahani yake kwa sababu uchunguzi ulikuwa haujakamilika. Walijazana mlangoni mwa jiko, wakaona mwanamume na mwanamke wamepeana migongo, wanasukumiana chungu kwa utulivu.

"Kuko nini huku?" aliuliza Mzee.

"Tunaheshimiana," alisema Mama, bila kugeuka.

Parfait alifungua kinywa kueleza. Divine akamkanyaga mguu.

Chungu kilikuwa kimefika mwisho. Mama Mukabalisa akachukua mwiko, akakwangua chini, taratibu, akizunguka, na sauti ile ya mti juu ya udongo ikamfanya Ntabaza aache kupumua. Alijua kitakachotoka. Kilitoka kipande kimoja, cheusi kidogo, chenye moshi. Clarisse alinyoosha sahani kwa mazoea, kwa kuwa kile kilikuwa chake tangu utotoni.

Mama aliipita sahani. Aligeuka kwenye kigoda chake, akamshika Ntabaza bega, akamgeuza na yeye, uso kwa uso. Akauweka ukoko ule kwenye kiganja chake.

"Kula," alisema. "Nikuone."

Ntabaza alikula, mama akamwangalia, machozi yakamchuruzika hadi kwenye ndevu na hakuyafuta, kwa kuwa mikono yote ilikuwa na mawese. Clarisse alirudisha sahani yake kifuani. Hakuna aliyeuliza kama posa itakuwepo. Divine alikuwa ameshaanza kumnong'oneza Parfait rangi ya vitenge vya harusi.

Mzee Karangwa alisogea mbele. Halafu akainyoosha sahani yake kuelekea mwikoni na kuuliza, kwa sauti ya mtu anayejali usalama wa wageni, kama haingekuwa vizuri aonje na huo wa chini.

"Karangwa," alisema mkewe. "Weka sahani. Sumu haiko."